Nusu Kichwa

Kichwa cha Mwalimu kilikuwa kimefika nusu maneno yalipoanza. Upande wa kushoto misuko ilikuwa imelala mistari myembamba, imenyooka kana kwamba imepigwa kamba. Upande wa kulia nywele zilisimama timtim, zimechambuliwa, zikingoja zamu yake. Msusi mwenyewe alikuwa mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Vidole, kwa kuwa vidole vyake vilikwenda mbio kuliko macho ya mtu. Wapo waliosema ulimi wake ulivishinda vidole, lakini hao hawakuyasema mbele yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kikubwa ukutani, kiti cha kusukia na benchi la wateja, na siku hiyo benchini walikaa wanawake wawili wakisubiri zamu: muuza mboga wa pale njia panda na mke wa dereva wa lori. Mwalimu hakuwahi kukanyaga pale kabla. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa darasa la mtihani, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye wanafunzi walimwita Rula kwa jinsi alivyosimama wima. Vidole alishangaa kumwona mlangoni, na kidogo alijisikia fahari, kwa sababu binti yake alisoma katika darasa hilohilo. Huyo binti alirithi jina la bibi yake mzaa baba, ndiyo maana nyumbani hata shuleni aliitwa Bibi.

"Hivi Bibi anaendeleaje?" Mwalimu akauliza, akimtazama Vidole kupitia kioo.

"Bibi mzima. Si unaye wewe huko kila siku?"

"Ndiyo maana nakuuliza. Mimi simwoni."

"Humwoni vipi?"

"Asubuhi anaitwa jina, anaitika. Kikifika kipindi changu, hayupo. Si jambo la jana wala juzi. Nimemtuma kwako mwenyewe, uje tuzungumze. Nikamtuma tena, na tena. Hukuja."

Muuza mboga, aliyekuwa akijipepea kwa kipande cha boksi, akaacha kujipepea. Mke wa dereva akaishusha simu mapajani. Vidole aliwaona wote wawili kiooni, masikio yamesimama kama ya sungura.

"Mwalimu, mimi sijaletewa salamu yoyote," alisema, akijitahidi sauti isipande.

"Basi mtoto anakudanganya, na hujui kama unadanganywa." Mwalimu hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu ubaoni, na hilo ndilo lililouma. "Ndivyo wazazi wa siku hizi mlivyo. Mtoto akishavaa sare akavuka mlango, mzazi ananawa mikono. Mnazaa, mnatuletea, tulee sisi."

Muuza mboga akacheka puani. Kilikuwa kicheko kidogo, pengine hata hakukusudia, ila kilimwingia Vidole kama sindano chini ya ukucha. Akauachia msuko aliokuwa ameushika. Akaweka chanuo mezani.

"Inuka."

"Nini?"

"Inuka kwenye kiti changu. Nenda ukamalizie kwa mzazi anayejua kulea."

Mwalimu alijitazama kiooni, upande huu, kisha upande ule. "Unanifanyia hivi mbele za watu?"

"Na wewe umenifanyia wapi? Chumbani?"

Mwalimu akasimama taratibu. Akatafuta kitu cha kujifunikia, asikione, maana alikuja kichwa wazi kama anavyokuja kila anayekwenda kusukwa. Pale ukutani kulikuwa na kitambaa kimetundikwa msumarini. Wote wanne walikiona. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Mtoto huyo asikanyage kipindi changu mpaka mzazi wake aje shuleni."

"Nitakuja. Na utajuta kuniita."

Mwalimu akatoka na nusu kichwa chake, wima vilevile, akaufuata mtaa uliojaa watu wa Jumamosi.

*

Bibi alikuwa uani anafua sare zake. Alipomwona mama yake amerudi mapema, na hatua zile, akajua. Akaendelea kusugua kola ambayo ilikwisha kuwa safi.

"Salamu za Mwalimu ziko wapi?"

Binti akaichovya kola majini.

"Nakuuliza wewe. Ulizimeza?"

"Nilisahau, mama."

"Unasahau mara zote hizo? Kula husahau. Kipindi cha hisabati huwa unakwenda wapi?"

"Nyuma ya stoo ya madawati."

"Kufanya nini?"

"Kukaa tu."

Vidole akainama mpaka uso wake ukakaribiana na wa mtoto. "Kwa nini? Anakupiga?" Bibi akafungua mdomo. "Anakupiga, nilijua. Au anakutukana? Sema. Anakutukana, mtu mwenye kinywa kama kile atakosaje kukutukana? Kasema mimi msusi, ndiyo? Kasema kwetu hakuna aliyesoma. Nilijua tu. Basi nyamaza, usilie, nitamwonyesha."

Bibi hakuwa analia. Alifunga mdomo wake, akarudi kwenye kola.

Vidole akachukua simu, akaingia kwenye kundi la wazazi wa darasa lile. Aliandika kama alivyosuka, haraka, bila kuinua macho: kwamba Mwalimu wa hisabati amemfuata mpaka kazini kwake kumtukana mbele ya wateja, kwamba watoto wanateswa na wanaogopa kusema, kwamba mwenye mtoto na aamke. Majibu yakamiminika. "Afadhali wewe umethubutu, mzazi mwenzetu, huyo amezidi." "Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mnawatetea sana hawa watoto." "Mtihani uko mlangoni, nyinyi mnagombana na fundi wakati paa halijaezekwa." Katikati ya maneno hayo ikaingia picha. Mwalimu alikuwa amepigwa picha kwa nyuma akitembea barabarani, kisogo nusu kimesukwa na nusu timtim. Aliyeituma alikuwa mke wa dereva.

Vidole alicheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, simu mkononi, akaweka na alama ya kicheko chini ya picha. Alipogeuka alimkuta Bibi amesimama nyuma ya bega lake na ndoo, macho kwenye picha.

"Mama," alisema binti, "Jumatatu mimi naingiaje pale?"

"Unaingia kwa miguu yako. Huna kosa."

Jioni mume wake alirudi. Alikuwa fundi wa kuchomelea milango na mageti, mtu wa maneno machache, nguo zimetobolewa na cheche. Alinawa mikono muda mrefu kuliko kawaida kabla ya kukaa.

"Nimesikia," alisema.

"Umesikia nini?"

"Mwalimu kapita mtaani nusu kichwa. Kaniambia mteja aliyeleta geti, hata hamjui huyo Mwalimu."

"Na alichonifanyia mimi hakukuambia?"

"Hicho hakina miguu, mke wangu. Nusu kichwa ndicho kinachotembea."

"Kwa hiyo ningemsuka tu, anipake matope huku namsuka?"

Fundi alilitafakari swali hilo kama mtu anayepima chuma. "Mtoto amesema kwa nini haingii?"

"Anaogopa. Mwalimu anamtesa."

"Amesema yeye, au umesema wewe?"

Vidole akainuka akaondoa sahani, ingawa mumewe alikuwa hajamaliza kula.

*

Jumatatu, jua halijafika utosini, Bibi alisimama mlangoni pa saluni na mkoba wake mgongoni. Hakuingia. Kiti kilikuwa na mteja, benchi lilikuwa na mwingine.

"Mbona saa hizi?" Vidole akauliza.

"Nimefukuzwa."

"Na nani?"

"Na wote."

Akaeleza akiwa palepale kizingitini, macho chini, wateja wakisikiliza. Mwalimu amekuja shuleni amenyoa kichwa chote, hakuna hata unywele. Aliingia darasani akakuta mtu amechora ubaoni uso wenye nywele upande mmoja. Hakuuliza nani. Alifuta ubao, akageuka, akamwambia Bibi, "Wewe ulishapewa masharti yako," akamwonyesha mlango. Darasa likaguna. Huko nje, wakati wa mapumziko, walewale waliochora wakamzunguka: shikamoo Nusu, za nyumbani Nusu, mama yako atatumalizia lini Mwalimu wetu? Mmoja alimvuta nywele. Rafiki yake wa dawati moja akahama dawati.

Vidole alikuwa amekwisha kuvua aproni. "Twende."

"Mama, usiende hivyo."

"Hivyo vipi?"

Bibi alitafuta neno, akalikosa. "Hivyo ulivyo."

"Ndivyo nilivyozaliwa. Twende."

*

Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa na meza moja, kabati la chuma lisilofungika vizuri, na viti ambavyo havikufanana. Mwalimu Mkuu alikuwa mzee mwenye kikohozi, aliyekaribia kustaafu na aliyetaka kustaafu kwa amani. Aliwakaribisha viti. Vidole alikataa kukaa. Mwalimu wa hisabati akaingia, naye akabaki amesimama. Kichwa chake kilichonyolewa kilimfanya aonekane mrefu zaidi, na mkavu zaidi, na kwa mara ya kwanza Vidole alishindwa kukitazama kitu alichokifanya kwa mikono yake. Aibu ile ikageuka hasira kabla hajaitambua.

"Umeniita, nimekuja," alisema. "Nieleze unamfukuzia nini mwanangu."

"Simfukuzi mtoto. Mtoto alijifukuza mwenyewe kitambo, wewe ndiye hukuwa na habari."

"Ningekuwaje na habari? Mguu huna? Simu huna?"

"Namba uliyoandikisha haipatikani. Na nina watoto kama wako wamejaa mpaka dirishani. Nitembee nyumba kwa nyumba kama muuza sabuni?"

"Ila kuja kunitukana saluni kwangu uliweza."

"Na wewe kunipiga picha uliweza."

"Sikupiga mimi!"

"Ulicheka," Mwalimu akasema. "Kwenye kundi lile wapo wazazi wenye adabu, walinionyesha. Uliweka kicheko chini ya picha yangu."

Vidole akaliruka hilo, akajibu jingine. Mwalimu naye akajibu. Sauti zikapanda mpaka walimu wa chumba cha pili wakanyamaza wasikilize. Mwalimu Mkuu aligonga meza kwa kiganja, akakohoa, akagonga tena.

"Basi! Nyinyi ni watu wazima. Mtoto ndiye huyu, tumuulize yeye. Bibi, sema. Kwa nini huingii kipindi cha hisabati?"

"Atasema nini huyu," Vidole akadakia, "kashatishwa..."

"Mama, nimemuuliza yeye," Mwalimu Mkuu akasema.

"Na ajue akidanganya hapa..." Mwalimu naye akaanza.

"Mwalimu, na wewe."

Bibi alisimama kati yao, mkoba ungali mgongoni. Aliwatazama viatu, wote watatu, viatu tu. "Nitasema baba akiwepo," alisema.

Wakampigia fundi. Alifika na miwani yake ya kuchomelea imepandishwa kichwani, mikono myeusi asijue pa kuiweka. Aliamkia kila mtu, hata Mwalimu, tena kwa kuinamisha kichwa, na Vidole akaona hilo akalihesabu moyoni.

"Haya," Mwalimu Mkuu akasema. "Baba amekuja."

"Mama atoke," Bibi alisema.

Mwanzoni Vidole alidhani hakusikia vizuri. "Nani atoke?"

"Wewe, mama."

"Mimi niliyekuzaa nitoke, yeye anayekufukuza abaki?"

Binti sasa aliinua uso. Macho yalikuwa makavu. "Mwalimu akinikatiza, Mwalimu Mkuu atamwambia anyamaze. Wewe atakuambia nani?"

Vidole alimgeukia mumewe. Miaka yote alipomgeukia hivyo, mumewe alisema lolote, japo la mzaha, la kumfunika. Fundi aliitazama mikono yake.

Vidole akatoka.

*

Nje ya ofisi kulikuwa na benchi la mbao lililochongwa majina ya watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Vidole akakaa. Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, haukuzuia sauti vizuri, lakini haukuipitisha vizuri pia. Alisikia Bibi akianza kusema, kisha akiendelea, kisha akiendelea tena. Hakuwahi kumsikia mtoto huyo akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Nyumbani Bibi alikuwa mtu wa ndiyo mama, hapana mama, na yeye Vidole alizoea kuwaambia watu kwamba binti yake ni mpole kama baba yake.

Maneno yalimfikia vipandevipande. "...kila Ijumaa anasoma alama kwa sauti... tunahama tunakaa kwa alama... benchi la nyuma wanaliita mkia..." Kisha sauti ikashuka. Kisha ikapanda. "...siyo kwamba sielewi. Nikisimama wananitazama wote, inapotea... nikaona bora nisiwepo." Mwalimu Mkuu akauliza kitu. Na jibu Vidole alilisikia lote, neno kwa neno, kana kwamba mlango umefunguliwa. "Ningemwambia mama angekuja. Angekuja vile. Mwaka ule aligombana na mwalimu wa michezo, nikaacha michezo."

Vidole alikuwa hajui kwamba ile ndiyo sababu ya kuacha michezo. Aliambiwa ni goti.

Akainuka, akashika kitasa. Mdomo ulikuwa umejaa. Angeingia, angesema kwamba alimtetea, kwamba hakuna mama anayeacha mwanawe aonewe, kwamba mwalimu yule wa michezo alistahili. Wanafunzi wawili wakapita na ndoo za maji ya kupigia deki, na mmoja akamnong'oneza mwenzake, si kwa sauti ndogo ya kutosha, "Ndiye mama yake Nusu." Wakaharakisha, maji yakimwagika.

Ndani, Mwalimu alikuwa anazungumza. Sauti yake haikuwa ile ya ubaoni. "Tangu lini mmeniona nimesukwa, Mwalimu Mkuu? Mimi sisuki. Nilikwenda pale makusudi. Nilisema, akiwa ameshika kichwa changu hatakimbia, tutaongea. Nilipanga nianze polepole. Wakaja wale wateja, nikaona nisiposema leo sisemi tena. Nikasema vibaya. Najua nilisema vibaya. Lakini nilikwenda."

Vidole akaachia kitasa. Akarudi benchini, akakaa.

Hakuitwa. Alikaa pale mpaka kengele ikalia, madarasa yakatoka, yakaingia tena. Wakati mmoja alisikia kicheko ndani, cha mumewe, kifupi, na kikamuuma kuliko kile cha muuza mboga.

Mlango ulipofunguka, Mwalimu Mkuu ndiye aliyemsomea yaliyokubaliwa, kwa haraka, kama mtu anayeogopa bei isije ikapanda tena. Bibi atarudi darasani kesho. Alama hazitasomwa kwa sauti, kila mtu atapewa zake. Hakuna kukaa kwa alama mpaka mtihani. Aliyechora ubaoni atatafutwa. Na kukiwa na neno lolote la mtoto, Mwalimu atampigia baba.

"Na mimi?" Vidole akauliza.

"Baba," Mwalimu Mkuu akarudia, akakohoa. "Sasa limebaki lile la saluni. Mama, nadhani ingefaa..."

"Sitaki," Mwalimu alisema. Alikuwa amesimama mlangoni. "Akiniomba radhi leo ataniomba kwa ajili ya mtoto. Asiniombe." Akamgeukia Vidole. "Tukikutana njiani nitakusalimia, kwa sababu watoto wanatutazama. Zaidi ya hapo sikujui."

Vidole alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, kali, la kuchekesha, ambalo mtaa ungelirudia mwezi mzima. Lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi. Nyuma ya Mwalimu alimwona Bibi, mkoba mgongoni, amefumba macho kama mtu anayengoja kupigwa.

"Haya, Mwalimu," alisema.

*

Langoni mumewe alisimama kurekebisha miwani yake ambayo haikuhitaji kurekebishwa.

"Mtoto kasema nini mle ndani?" Vidole akamuuliza. "Yote."

"Muulize mwenyewe."

"Ataniambia?"

Fundi alifikiri. "Ukimuuliza halafu ukangoja."

Usiku ule, wakati Bibi anakata vitunguu, Vidole alimuuliza. Aliuliza swali moja, akaibana mikono mapajani. Bibi aliinua macho kuona kama kuna swali la pili linakuja nyuma ya lile. Halikuja.

"Siyo leo, mama," alisema.

Vidole alifungua mdomo. Akaufunga. Wateja walipungua wiki ile. Muuza mboga alihamia kwa msusi wa upande wa pili wa barabara, akasema huko mtu hasukwi kwa hofu. Kundi la wazazi lilipata ugomvi mwingine, wa sare. Mwalimu alipita mbele ya saluni akasema, "Habari," Vidole akajibu, "Nzuri," na kila mmoja akatazama upande wake. Simu ya fundi ililia mara moja jioni, akatoka nje kuongea, akarudi akasema tu, "Anaingia kipindini." Vidole hakuuliza zaidi, na kutouliza kulimtoa jasho.

Kisha siku moja baada ya masomo Bibi akaingia saluni. Hakwenda nyuma kunywa maji kama kawaida yake. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, akangoja. Mteja wa kwanza akaisha, akaondoka. Wa pili akaisha, akajitazama kiooni mbele na nyuma, akaaga. Mama na mtoto wakabaki peke yao.

"Nina maneno," Bibi alisema. "Lakini usinisaidie."

Vidole akaweka chanuo mezani, akavuta kiti, akakaa.